Mzunguko wa Lingdi Siku ya Usiku Mrefu

Mimi ni kinyozi, na kinyozi akikwambia hapendi umbea, usimwamini. Lakini haya sikuyatafuta. Mfereji wetu ni mwembamba. Ukikohoa upande huu, wa ng'ambo anakuuliza umekunywa dawa gani. Dirisha la duka langu linatazamana na dirisha la jiko la akina Tao, na kati yetu kuna maji tu. Kwa hiyo nimemjua Lingdi tangu siku alipoletwa pale bibi harusi, msichana mwembamba aliyeogopa hata kutema mbegu za tikiti mbele ya mama mkwe wake. Sasa ana miaka hamsini na minane na mabega ya mchukuzi.

Mabega hayo ni ya kasia. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha hariri, akitafuta ncha za nyuzi kwenye maji ya moto mpaka vidole vikawa vyeupe kama vya maiti. Kiwanda kikafungwa, wanawake wakatawanyika. Huyu akauza maandazi ya mvuke, yule akalea watoto wa watu. Lingdi alikaa nyumbani mwezi mzima akiwa hana la kufanya, mpaka Bibi Tao, mama yake Genfu mumewe, akachoka kumwona.

"Huwezi kukaa hapo kama chungu kilichopasuka," akamwambia. "Shuka chini."

Bibi Tao amezaliwa ndani ya mashua. Watu wao walikuwa wakileta mboga mjini kwa maji. Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, pale mawe yanapoingia mferejini, ameshika fimbo ya mwanzi, na mkwe wake akasimama nyuma ya mashua ya kuazima na lile kasia moja refu la kusukuma na kuvuta. Mtaa mzima tulikuwa madirishani. Mashua ilizunguka pale pale kama punda wa kinu.

"Usipigane na maji!" Bibi Tao alipiga kelele. "Maji yamekutukana lini?"

Alimfundisha majira yote ya joto. Alimtukana, alimchapa vifundoni, na jioni alimkanda mabega kwa mafuta ya kafuri. Lingdi mwenyewe huniambia kwamba mama yake mzazi alimpa uhai, lakini mkate kapewa na mama mkwe. Ndiyo maana kwa miaka ishirini hakuwahi kumjibu yule bibi neno. Nataka mlikumbuke hilo.

Watalii walipoanza kumiminika mjini kwetu Suzhou, Lingdi alikuwa tayari. Wenye mashua za watalii walimpa koti la bluu la maua meupe na kilemba cha kufanana nalo, wakamwambia aimbe. Anajua nyimbo mbili, na ya pili huisahau katikati. Mzunguko wake ni mmoja: kutoka Daraja la Ndama, chini ya madaraja matatu, kugeuka pale mfereji unapopanuka, kisha kurudi. Wageni wanapenda maelezo, na Lingdi si mtu wa maelezo.

"Mama, ile nyumba ni ya nani?"

"Ya watu."

"Ni ya zamani sana?"

"Watu wenyewe ni wa zamani."

Wanacheka, wanadhani ni mzaha wa biashara. Kisha wanashuka na kuja kusimama mlangoni kwangu, wasichana wamevaa magauni ya kukodi ya enzi za wafalme, na kuniuliza kama naweza kusogea kidogo ili picha itoke vizuri. Nisogee! Kwenye kizingiti changu mwenyewe!

Lakini nilikuwa naongea habari za Suyun.

Suyun ni mtoto wa pekee wa Lingdi na Genfu. Anafundisha watoto wadogo wa chekechea, ana sauti ya upole, na nywele zake nimezikata mimi tangu za kwanza. Aliolewa miaka minne iliyopita na familia ya wafuga kaa ng'ambo ya ziwa. Nyumba ya ghorofa tatu, lango la chuma, gari mbili. Mtaa mzima ulimpongeza Lingdi, na Lingdi akacheka mpaka ufizi ukaonekana. Mume, Haitao, ni kijana safi, mpole, hasemi sana. Tulimwona mtu wa heshima. Hatukujua kwamba kuna upole ambao ni uvivu wa moyo.

Basi, kesho yake ikiwa ni Usiku Mrefu, Suyun akaja na sanduku.

Kwetu Usiku Mrefu, ule mrefu kuliko yote ya mwaka, ni mkubwa kuliko hata mwaka mpya. Kila mtu anakula kwao. Na kila mtoto wa mfereji huu anajua sharti lake: binti aliyeolewa hali chakula cha Usiku Mrefu kwa wazazi wake. Akila, anawaletea ufukara. Mtungi wa mchele wa kwao haujai tena. Kwao binti ni kwa mumewe. Siku nyingine aje, alale, amalize hata sufuria. Usiku huo, hapana.

"Nimechoka tu," Suyun alisema walipomuuliza. "Nataka kupumzika siku mbili."

"Kesho utakula mchana, halafu utapanda basi la mwisho," alisema Bibi Tao. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuvua viatu.

Genfu ni mtu mwema, lakini maneno anayatumia kama mafuta ya mgawo. Katika maisha yake hajawahi kusimama upande wa mkewe dhidi ya mama yake, wala wa mama dhidi ya mke. Wakianza, yeye hukumbuka kitu cha kwenda kununua.

Lingdi alimtazama mwanawe akikunja na kukunjua ncha ya shuka, na akajua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Asubuhi yake akavuka daraja, akaingia dukani kwangu wakati ninamnyoa mteja.

"Kaka Qiu, leo usiku unakula na nani?"

"Na kuta zangu. Kwa nini?"

"Suyun ale kwako. Kwako si kwao. Nitaleta chakula mimi."

Nilifurahi, sifichi. Tangu mke wangu afariki meza yangu haijawekwa vyombo viwili. Nilikuwa bado nafungua kinywa kukubali, dirisha la ng'ambo likafunguka kwa kishindo.

"Mke wa mtu ale Usiku Mrefu kwa mgane!" Bibi Tao huyo, miaka themanini na mbili na masikio ya paka. "Qiu! Unataka watu waseme nini? Huoni haya na hicho kichwa chako cheupe?"

"Mama, mtoto nilimpakata mimi!"

"Ulimpakata mkeo akiwepo! Nyoa watu, hiyo ndiyo kazi yako."

Mteja wangu alicheka hadi nikamkata sikio kidogo. Lingdi aliondoka bila kucheka.

Siku hiyo hakuna anayefanya kazi kwa moyo. Watu wamepanga foleni na vidumu vyao kununua ile pombe tamu ya maua ya manjano inayouzwa siku hizo tu, na kila jiko linanuka nyama ya mbuzi. Mashua zilifungwa mapema. Saa kumi alasiri hivi nikasikia Bibi Tao akitoa amri zake.

"Mpeleke kwa mashua mpaka lango la mji, barabara zimejaa. Msilikose basi."

Wakashuka ngazi wote wawili. Suyun akakaa mbele na sanduku miguuni. Lingdi akashika kasia. Nilimpungia mkono Suyun, akanipungia. Wakapita chini ya Daraja la Ndama, nami nikaenda kuosha mchicha wangu.

Haikupita muda, nawaona hao wanarudi. Suyun yumo, sanduku limo. Lingdi alikuwa amegeuka pale pale anapogeuka kila siku na watalii.

"Lingdi!" nikaita. "Lango liko upande mwingine!"

"Naujua mji wangu."

"Basi litawaacha!"

"Hilo nalo nalijua. Chana nywele zako, Kaka Qiu."

Wakapita tena kuelekea darajani. Wakarudi. Wakaenda. Huyu ni mwanamke ambaye katika miaka yote ile hajapoteza hata mvuto mmoja wa kasia bure, na sasa alikuwa anamzungusha mwanawe kwenye mfereji wetu kama mgeni aliyelipa. Hakuimba. Hakumwonyesha kitu. Suyun alikuwa anatazama kuta zenye kuvu, madirisha, nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, mambo ambayo amezaliwa akiyaona, na machozi yanamtoka kimya kimya. Mara moja tu nilisikia Lingdi akisema, "Ukitaka kusema, sema. Usipotaka, tutazunguka mpaka kasia livunjike."

Kiza kilipoanza kuingia, akafunga mashua chini ya dirisha la jiko lake. Genfu akachungulia.

"Mama Suyun, na basi?"

"Limeondoka."

Ndani kijiko kilianguka. Kisha Lingdi, ambaye hakuwahi kumjibu mama mkwe wake neno, akainua uso akasema kwa sauti ambayo hata wa kichochoro cha nyuma walisikia:

"Genfu, tuteremshie chakula kwa kamba. Mtoto hataingia ndani. Mashua si nyumba. Hakuna mila inayosema juu ya mashua. Nami nitakula hapa hapa, anapokula yeye."

Genfu, masikini, akafunga sufuria ya nyama kwenye kikapu, akaanza kukiteremsha. Kikafika katikati.

"Rudisha hicho kikapu!" akasema Bibi Tao nyuma yake.

Genfu akasimama. Kikapu nacho kikasimama, kinaning'inia hewani, mama juu na mke chini, na mvuke wa nyama unatoka. Majirani wote tulikuwa tumeacha vijiti vyetu vya kulia. Genfu hakuvuta, hakuachia. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile.

Bibi Tao akatoa kichwa dirishani.

"Mkwe wangu, unadhani wazee waliotutangulia ni vipofu? Wataona mashua imefungwa kwenye ngazi yetu waseme, aa, hii si nyumba?" Akamgeukia mjukuu wake, na sauti ikalegea. "Suyun, mwanangu, sikufukuzi. Lakini fikiri. Sasa hivi kule kwa mumeo meza imeandaliwa. Hata kama hupo, bakuli lako lipo, vijiti vyako viko juu yake. Kila asiyekuwepo huwekewa. Mimi hapa nimemwekea babu yako, na amekufa siku nyingi. Utaacha bakuli lako likae peke yake mbele ya watu wote wale? Mke mzima? Si aibu hiyo?"

Suyun alikuwa ameinamia sanduku lake. Alipojibu, alijibu kwa ile sauti anayotumia kwa watoto wa chekechea, ya kueleza jambo dogo.

"Bibi, mimi kule sina bakuli."

"Unasema nini?"

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nalo. Baadaye mtoto hakupatikana. Mwaka juzi niliandaa meza mimi mwenyewe, mama mkwe akaja akaondoa bakuli moja akalirudisha kabatini. Shemeji yangu aliyeko Guangzhou lake lilikuwepo. Babu yao aliyekufa lake lilikuwepo. Nikadhani amekosea hesabu, nikauliza, langu liko wapi? Akasema, bakuli ni la mtu wa nyumba hii. Zaa kwanza."



"Na Haitao?" Lingdi akauliza. Sauti yake sikuitambua.

"Alikuwa anakula, Mama. Hakuinua kichwa. Mimi nikala jikoni, kwenye kifuniko cha sufuria. Na mwaka jana vile vile. Mwaka huu nikaona, kuliko kuandaa tena ile meza…"

Lingdi aliachia kasia, akavuka mashua kwa hatua ambazo karibu ziwazamishe wote wawili, akapiga magoti na kumkumbatia mwanawe na sanduku lake kwa pamoja. Alilia kwa sauti. Mimi nami nililia, na ukitaka kunicheka, cheka, lakini mtoto yule nilikuwa namkata nywele akiwa amekaa juu ya ubao kwa sababu kiti kilikuwa kirefu kwake. Kumbe huko tulikompeleka kwa vigelegele alikuwa anakula kwenye kifuniko!

Bibi Tao hakulia. Alibaki dirishani, mikono yote miwili kwenye kizingiti, anatazama maji. Nilimwogopa. Nilijua anaipima ile habari, na nilijua mwanamke huyu mila anazipenda kuliko afya yake. Mwaka mmoja alikuwa na homa kali na bado alitoka kitandani kuhakikisha mkia wa samaki umebakizwa kwa ajili ya kesho, kama mila inavyotaka.

"Genfu," akasema mwisho.

"Naam, Mama."

"Vuta hicho kikapu. Chakula hakiliwi majini, sisi si mabata."

Lingdi akainua uso, macho mekundu, tayari kwa vita. "Mama, asipokula hapa mimi…"

"Nyamaza, sijamaliza. Suyun, panda juu."

Suyun hakusogea. "Bibi, mila inasema…"

"Mila nakufundisha mimi, hunifundishi wewe. Mila inasema binti aliyeolewa. Mke ni mtu mwenye bakuli kwa mumewe, awepo asiwepo, awe hai awe maiti. Wewe huna. Basi wewe hukuolewa, mjukuu wangu. Wewe walikuweka mtumishi bila mshahara." Hapo ndipo sauti ilipomkatika yule bibi, akaivuta tena kwa nguvu. "Na mtumishi, sikukuu ikifika, hurudi kwao. Panda, nyama inapoa."

Genfu alikivuta kikapu kwa haraka hata mchuzi ukamwagika mferejini. Suyun akapanda zile ngazi akiwa ameshikwa mkono na mama yake, na mlango ukafungwa, na mara hiyo hata mimi niliona haya nikafunga dirisha.

Haitao alikuja baada ya sikukuu za mwaka mpya. Alivaa koti jipya, amebeba paja la nguruwe lililokaushwa, sanduku la machungwa, na katoni mbili za maziwa. Suyun alikuwa kazini. Amepata chekechea hapa hapa karibu na daraja la pili. Lingdi alikuwa majini na wageni. Bibi Tao akampokea ngazini, akamkalisha, akampa chai, yote kama inavyotakiwa. Haitao akasema amekuja kumchukua mkewe, kwamba mama yake ameyasamehe yaliyopita.

"Vizuri," akasema Bibi Tao. "Nina swali moja, mwanangu. Ule usiku mlipokula, mjukuu wangu akiwa jikoni na kifuniko chake, nyama ilikuwa tamu?"

Haitao akatazama viatu vyake.

"Sema tu. Nauliza mapishi."

Akainuka, akaaga kwa kuinama, akaondoka na kuacha mizigo yake yote pale. Nilifikiri basi, yameisha. Kumbe Genfu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaikusanya ile mizigo, paja, machungwa na maziwa, akatoka mbio nyuma ya mkwewe, na sote tukaguna: haya, mnyonge kaenda kuomba radhi. Alimkuta juu ya Daraja la Ndama. Akamjaza mizigo mikononi, moja baada ya nyingine, mpaka kijana hakuonekana uso.

"Chukua vitu vyako," Genfu akamwambia mbele ya watu na watalii wenye simu zao. "Mwanangu ana kwao."

Akarudi nyumbani polepole, hana pumzi, akaniomba nimnyoe ndevu.